Tupige hodi kabla ya kupiga picha

Kila mwaka, hasa katika muhula wa pili, barabara kuu itokayo bara kuelekea Mombasa hujaa mabasi ya shule yaliyowapakia wanafunzi wanaokwenda kuizuru pwani. Wazazi huwa wamejinyima ili kulipia nauli na malazi. Walimu nao huwa wamekesha wakipanga orodha za majina na vyumba. Ziara hizi zina faida kubwa, na asiyeamini na amtazame mtoto wa Bomet au Kirinyaga anapoiona bahari kwa mara ya kwanza. Walakini kuna jambo moja ambalo limekuwa likinikera kwa muda, na ambalo naona sisi walimu hatujalipa uzito unaostahili. Jambo lenyewe ni jinsi tunavyopiga picha katika safari hizo.

Tazama yanayotokea mbele ya Fort Jesus. Basi husimama, wanafunzi hushuka, na kabla hawajanyosha miguu simu zimekwisha kuinuliwa. Ngome ile ilijengwa na Wareno baina ya mwaka 1593 na 1596, ikazingirwa, ikatekwa na kukombolewa mara si haba, ikawa jela wakati wa ukoloni wa Waingereza kabla ya kufanywa makumbusho. Wageni wetu huipa kisogo. Kila mmoja hujipiga picha yeye mwenyewe, ukuta ukiwa nyuma yake kama pazia la studio. Kisha kundi zima hupangwa safu safu, mwalimu akahesabu moja, mbili, tatu, na baada ya nusu saa basi laelekea ufuoni. Katika shule za upili, ambako aghalabu wanafunzi hawaruhusiwi simu, kazi hii hufanywa na mwalimu au mpiga picha aliyekodiwa. Katika vyuo vikuu kila mwanafunzi ni mpiga picha. Matokeo ni yale yale. Wiki mbili baadaye ukiwataka waandike insha ya maelezo kuhusu ngome hiyo, wengi watakuandikia kwamba ni kubwa, ni ya kale na inapendeza. Nimesahihisha insha za namna hiyo kwa miaka mingi. Mwandishi ana picha 400 katika simu yake, ilhali hawezi kukwambia ukuta ule una rangi gani.

Sisi wanaisimu tuna tabia ya kuyachokoa maneno hata pale ambapo wenzetu wameridhika nayo, basi msomaji aniwie radhi kidogo. Kitenzi "piga" ni miongoni mwa vitenzi vyenye kazi nyingi mno katika Kiswahili. Mtu hupiga ngoma, hupiga pasi, hupiga mbizi, hupiga magoti, hupiga hodi. Katika baadhi ya tungo hizo tendo ni la kufumba na kufumbua, mathalani kupiga chafya. Katika nyingine tendo huchukua muda, mathalani kupiga gumzo, kwani hakuna mwenye akili timamu apigaye gumzo kwa sekunde moja. Naona kwamba siku hizi tumeitia picha katika kundi la chafya. Humjia mtu ghafla, humtoka, naye huendelea na safari yake.

Picha haikuzaliwa hivyo. Mnamo mwaka 1838, Louis Daguerre aliielekeza kamera yake kwenye Boulevard du Temple, barabara ya mjini Paris iliyokuwa na pilkapilka za watu na magari ya farasi mchana kutwa. Kwa kuwa bamba lake lilihitaji dakika kadhaa ili kuupokea mwanga, kila aliyekuwa akipita hakuacha hata kivuli. Barabara ile inaonekana kama mahame. Aliyesalia ni bwana mmoja aliyekuwa amesimama akipigiwa viatu rangi, pamoja na mpigaji rangi wake. Hao ndio wanaotajwa kuwa binadamu wa kwanza kuonekana katika picha ya kamera, na sababu ni kwamba walitulia mahali pamoja. Mfaransa mwenzake Daguerre, Nicéphore Niépce, alikuwa ametangulia miaka kumi na ushei kabla kuipata picha ya mapaa yaliyoonekana kutoka dirishani mwake, na kazi hiyo ilimlazimu kuiacha kamera wazi kwa saa nyingi.

Sisemi turudi huko, wala sitamani tuirudie rola ya filamu ya picha 36 tuliyoizoea nilipokuwa mwanafunzi katika miaka ya tisini. Rola ile ilikuwa ghali, ikiingiwa na mwanga imekwisha, na watu wengi wa rika langu hawana picha hata moja ya utoto wao. Simu imewapa uwezo huo watoto wa maskini, nami naishukuru. Ninachodai ni kwamba rola ilikuwa na adabu moja iliyotokana na uhaba. Mtu alijiuliza kwanza. Alizunguka, akachuchumaa, akangoja wingu lipite, kisha ndipo akabonyeza. Uhaba umeondoka, nayo adabu tumeitupa pamoja nao.

Huenda mtu akasema kwamba haya ni manung'uniko ya mwalimu aliyeanza kuota mvi. Nitamjibu kwa utafiti. Mwaka 2014, mwanasaikolojia Linda Henkel wa Chuo Kikuu cha Fairfield nchini Marekani alichapisha matokeo ya majaribio aliyoyafanya na wanafunzi katika jumba la makumbusho. Aliwatembeza humo, akawaagiza wapige picha baadhi ya vitu na wavitazame tu vingine bila kuvipiga. Siku iliyofuata aliwapima kumbukumbu. Ilidhihirika kwamba walivikumbuka vichache zaidi kati ya vile walivyovipiga picha, na habari walizozikumbuka kuvihusu zilikuwa haba kuliko za vile walivyovitazama kwa macho peke yake. Ni kana kwamba akili iliikabidhi kamera kazi ya kukumbuka, kisha ikaenda kulala.

Lakini utafiti huo una sehemu ya pili, ambayo kwangu ndiyo yenye uzito mkubwa zaidi kwa mwalimu. Henkel aliwaagiza watu wengine waivute kamera karibu na sehemu moja tu ya kitu, tuseme mikono au miguu ya sanamu, na kuipiga sehemu hiyo. Hao hawakupungukiwa na kumbukumbu. Walikumbuka hata sehemu ambazo hazikuingia katika picha. Maana yake ni kwamba kosa si la chombo. Aliyelazimika kuchagua sehemu alilazimika kwanza kukichunguza kitu kizima, na uchunguzi huo ndio uliomfaa.

Nitachukua mfano wa Lamu, kwa sababu huko nimekwenda mara nyingi na wanafunzi wangu kuisikiliza lahaja ya Kiamu. Mtu hufika Mokowe kwa basi akiwa amechoka hoi, akaingia mashuani, na mji ukamjia polepole juu ya maji. Mji wa kale wa Lamu ulitiwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, na picha zake zimesambaa kiasi kwamba mgeni huja akiwa na picha kichwani tayari: mlango wa nakshi, punda, jahazi lenye tanga jeupe. Huvitafuta hivyo vitatu, huvipata katika saa moja, akaanza kuuliza chakula kitakuwa tayari saa ngapi.

Ambaye ana subira ataona kwamba Lamu si mahali pamoja. Ukingo wa mji, pale magati yalipo, unaelekea mashariki, na ng'ambo ya mkondo ni kisiwa cha Manda. Kwa hiyo saa kumi na mbili na nusu asubuhi jua huchomoza upande wa Manda na kuzipiga nyumba za ufuoni usoni, na chokaa huwa na rangi ya asali. Saa sita mchana, kwa vile kisiwa kiko karibu sana na ikweta, jua huwa utosini au karibu na utosi. Vivuli huwa vifupi, na nyuso za watu huonekana zikiwa na mashimo meusi mahali pa macho. Wapiga picha wengi hukata tamaa hapo. Walakini saa hiyo hiyo, katika vichochoro vyembamba ambamo jua halikuingia asubuhi kutwa, mwanga hushuka kutoka juu, ukagonga ukuta mweupe wa upande mmoja na kurudishwa hadi wa pili, na kichochoro kizima huwaka bila ukali. Alasiri mambo hugeuka. Jua huwa nyuma ya mji, ukingo huwa kivulini, na aliyepiga picha nyumba zile asubuhi akirudi hadhani ni zile zile. Magharibi nayo haingoji mtu. Katika nchi zetu za ikweta jua huzama karibu wima, na kutoka kuzama kwake hadi giza kutanda ni kama dakika 20 hivi. Mgeni wa Ulaya aliyezoea machweo marefu ya kwao hukuta giza limemwahi.

Kisha kuna bahari yenyewe. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na baina ya kujaa na kupwa ni saa sita na dakika chache. Maji yakijaa, mashua huinuka hadi karibu kulingana na gati, na wachukuzi hupakua mizigo kwa hatua moja. Maji yakipwa, mashua zile zile hulala ubavu juu ya tope, watu wakashuka kuzikwangua na kuzikalafati. Wakati wa bamvua tofauti hii huwa kubwa zaidi. Wakati wa maji mafu huwa ndogo. Mwanafunzi aliyepiga picha mara moja akaondoka hatajua kwamba kuna neno "bamvua", seuze kujua maana yake. Aliyerudi mara tatu atauliza mwenyewe kwa nini maji ya leo hayafanani na ya jana, na hilo ni somo la Jiografia, Fizikia na Kiswahili lililokuja pasipo kuitwa.

Katika safari mojawapo niliwapa wanafunzi kazi ambayo mwanzoni waliipokea kwa manung'uniko. Kila mmoja achague mahali pamoja, akae hapo saa nzima, na katika nusu saa ya kwanza simu iwe ndani ya mkoba. Binti mmoja alichagua mlango wa nakshi katika mtaa wa Mkomani, akaketi kwenye baraza iliyoukabili. Baadaye alinieleza kwamba dakika kumi za kwanza zilikuwa adhabu. Kisha akaanza kuona. Aliona kwamba mlango ule una mbao mbili lakini ni moja tu iliyokuwa ikifunguliwa. Aliona kwamba kizingiti cha chini kimelika katikati kwa nyayo. Aliona kwamba nakshi za juu zimeingia vumbi na kupauka, ilhali zilizo kimo cha mkono zinang'aa kama zilizopakwa mafuta, kwa sababu vizazi vya watu vimekuwa vikiushika mlango pale pale.

Nusu saa haijaisha, bibi mwenye nyumba akatoka kutaka kujua msichana huyu anamngoja nani. Binti akaamkia, akajieleza. Bibi akaketi kando yake. Akamwambia kwamba mti ule wa katikati, unaosimama baina ya mbao mbili, unaitwa mfaa, na kwamba ya kandoni ni miimo. Katika mazungumzo hayo mwanafunzi wangu alisikia kwa masikio yake kwamba njia pale ni "ndia" na macho ni "mato", jambo ambalo nilikuwa nimelihubiri darasani muhula mzima na yeye akaliandika daftarini bila kuliamini. Alipoomba ruhusa ya kumpiga picha, bibi alikataa uso. Mkono aliukubali. Basi picha ikapigwa: mkono uliokunjamana, wenye hina iliyofifia, ukiuvuta ubao wa mlango mahali pale pale penye kung'aa. Siku hiyo binti alirudi na picha nne. Wenzake wengine walirudi na 200 na zaidi, na tulipozitandaza zote ukutani jioni, darasa zima lilisimama mbele ya ule mkono.

Hapa ndipo kuna jambo zito zaidi kuliko uzuri wa picha. Mtu aendaye upesi hana wakati wa kuomba ruhusa, na kwa hivyo hunyakua. Mzee aliyejipumzisha barazani mwake hugeuzwa pambo. Mama anayekaanga mahamri alfajiri huletewa kamera usoni na kundi la vijana ambao hata "shikamoo" hawakumpa. Watoto ndio huonewa zaidi. Jiulize, mwalimu mwenzangu, ungejisikiaje kama basi la wageni lingesimama nje ya ua wako kule kijijini, watu wakashuka, wakakupiga picha ukiwa umejifunga leso kifuani ukimwaga maji machafu, wakapanda tena na kwenda zao? Neno "sura", ambalo kwetu ni uso, limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya umbo na pia picha. Ukoo huo wa maneno unatukumbusha kwamba picha ya mtu ni uso wake, na uso una mwenyewe.

Sheria nayo imeanza kusema. Kifungu cha 31 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya faragha, na mwaka 2019 Kenya ilipata sheria ya kulinda data ambayo inahusu pia picha za watu. Mwezi Septemba mwaka 2023, afisi ya Kamishna wa Data ilitoza shule moja faini ya Sh4.55 milioni kwa kuchapisha picha za wanafunzi wenye umri mdogo bila idhini ya wazazi wao. Najua walimu wakuu walioshtuka waliposikia habari hizo na kuagiza picha zote ziondolewe kwenye kurasa za shule. Hofu ya faini ina faida yake. Hata hivyo, ingekuwa aibu kama Mswahili, ambaye hawezi kuingia nyumbani kwa jirani yake bila kupiga hodi hata mara tatu, angengoja kamishna amfundishe kuomba ruhusa.

Kuna wanaonipinga wakisema kwamba picha bora huhitaji wepesi. Wanamtaja Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi aliyefariki mwaka 1996 katika ajali ya ndege iliyotekwa nyara, na ambaye picha zake za njaa ya Korem, Ethiopia, ziliushtua ulimwengu mwezi Oktoba mwaka 1984. Ni kweli kwamba mwandishi wa habari hana budi kuwa mwepesi. Lakini msafiri si mwandishi wa habari. Gati la Lamu halitatoroka.

Pingamizi la pili ni la muda, na hili ni la haki. Ratiba imebana, basi linangoja, dereva ananung'unika. Jibu langu ni kwamba ratiba tunaiandika sisi. Shule inayozuru mahali saba kwa siku mbili haikuzuru hata pamoja. Afadhali mahali pawili, asubuhi na tena alasiri. Kwenye reli mpya iliyozinduliwa mwaka 2017, garimoshi la abiria kati ya Nairobi na Mombasa huweza kufikia kilomita 120 kwa saa. Hiyo ni kama mita 33 kila sekunde. Kamera ikifungua jicho lake kwa sehemu moja ya sitini ya sekunde, behewa limekwisha kusogea zaidi ya nusu mita, na ndiyo sababu vichaka vya kando ya reli katika Tsavo hutoka vikiwa michirizi, huku vilima vya mbali vikibaki wazi. Badala ya kuwaacha wanafunzi wabonyeze vioo vya dirisha kwa saa tano, waulize kwa nini iko hivyo. Walio wengi wataziweka simu chini wenyewe ili wafikiri.

Kwa walimu watakaotaka kujaribu, hii ndiyo njia ninayoitumia. Kila mwanafunzi, au kila kundi la wanafunzi wanne wenye kamera moja, hupewa picha 12 kwa siku, na akizidisha hana budi kufuta. Kila picha huandikiwa sentensi tatu siku hiyo hiyo: saa, upande mwanga ulikotokea, na jambo moja ambalo picha haikuweza kulionyesha, kama vile harufu, sauti au jina. Sentensi hiyo ya tatu ndiyo mama wa insha. Mambo ya ufundi ni machache na hayahitaji kitabu. Kioo cha simu kipanguswe, kwa kuwa mafuta ya vidole ndiyo hutia ukungu katika picha nyingi. Jioni mtu aegemee ukuta na kuishika simu kwa mikono miwili, kwani mwanga ukipungua kamera huacha jicho wazi muda mrefu na mtikisiko mdogo huonekana. Anayetaka kitu kikubwa asogee karibu kwa miguu yake. Anayempiga mtoto apige magoti. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Na picha za watu zichapishwe kwenye karatasi, zirudishwe kwa wenyewe. Gharama yake si kubwa, na daima kuna kundi jingine litakalokwenda mwaka unaofuata. Ile picha ya mkono tuliipeleka Mkomani kwa njia hiyo. Bibi aliishika, akaigeuza huku na huku kwenye mwanga, akauliza kwa nini yule msichana hakumwambia kwanza aupanguse mlango vumbi.